Ukuta Unaovuja

Fundi wa jahazi akishamaliza kuunga mbao, kazi yake bado. Huchukua pamba iliyolowa mafuta akaishindilia katika kila mwanya, mpaka chombo kisikubali hata tone. Hiyo ndiyo kalafati, na jahazi linalovuja ni aibu ya aliyelitengeneza. Nimekuwa nikimkumbuka fundi huyo kwa sababu ya fundi mwingine, aliye mbali sana na pwani yetu, ambaye kazi yake yote inavuja, na nusu ya uhodari wake umo katika kuvuja kwenyewe.

Jina lake ni biva. Ni mnyama mgugunaji, wa jamii moja na panya na nungunungu, ila huyu ni mkubwa: aliyekomaa hufika kilo 20 na ushei, wengine wakapita 25. Makao yake ni mito ya Amerika Kaskazini, na ana ndugu yake wa Ulaya na Asia. Ana mkia bapa kama mwiko wa mwashi, na wengi hudhani ndio mwiko wake wa kukandikia udongo. Sivyo. Mkia humsaidia kushika njia anapoogelea, humwegemeza anapokata mti, humhifadhia mafuta ya kumvusha majira ya baridi, na akishtuka huupiga juu ya maji, pwaa, jamaa wote wakazama. Udongo anaubeba kwa mikono, kaukumbatia kifuani.

Zana yake halisi ni meno manne ya mbele. Yana rangi ya machungwa kwa sababu yana madini ya chuma, na hayaachi kukua maisha yake yote. Upande wa mbele ni mgumu, wa nyuma ni laini; basi nyuma huchakaa upesi kuliko mbele na ncha inabaki kali daima. Ni tezo inayojinoa kila inapotumika. Midomo nayo hujifunga nyuma ya meno hayo, kwa hiyo anaweza kukata tawi chini ya maji bila kuunywa mto.

Ujenzi huanza kwa vitu ovyoovyo. Biva hutafuta mahali penye jiwe, gogo, au chochote cha kuegemea. Huburuta matawi, huyashindilia kwenye sakafu ya mto, huyawekea mawe ya kuyatuliza. Ukipita siku ya kwanza utaona takataka zilizokwama tu. Baadaye upande wa juu, yanakotoka maji, huanza kupigwa matope, majani yaliyooza, mizizi na kokoto. Upande wa chini hubaki fito tupu zilizoegemea ukuta. Aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo ataitambua kanuni mara moja: mti hubeba, udongo huziba, jiwe hutuliza. Anachotuzidi biva ni kwamba maji yenyewe ameyafanya kibarua wake. Mkondo unaleta tope na majani na kuyabandika ukutani usiku kucha, bila ujira. Na maji yanapopanda yakatafuta njia ya kupita ubavuni, ukuta hurefushwa kuyafuata. Ndiyo maana kuta za biva hupindapinda. Mrefu kuliko zote zinazojulikana uko katika hifadhi ya Wood Buffalo, Alberta, nchini Kanada. Una zaidi ya mita 700, na mtu aliyeutambua mwaka 2007 alikuwa ameketi mbele ya picha za satelaiti.

Mkazi wa pwani akisikia habari za fito zilizopangwa majini atafikiri ni uzio wa kunasa samaki. Biva hali samaki kabisa. Chakula chake ni magome ya miti, majani na mimea ya majini. Anachotaka ni kina. Mlango wa nyumba yake uko chini ya maji, mbwamwitu asiufikie, na akiba yake ya matawi ya majira ya baridi ameizamisha papo hapo mlangoni. Bwawa likiwa na kina cha kutosha, barafu haifiki chini. Samaki hawamo katika hesabu zake. Wanafaidika kama kuku wanavyofaidika na mtu anayetwanga.

Je, anajuaje pa kuziba? Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Sweden, Lars Wilsson, alilea biva wachanga ambao hawakuwahi kuona ukuta wala kufundishwa na mzazi. Walipopewa maji yanayotiririka wakajenga, tena vizuri. Akawapigia kwa spika sauti iliyorekodiwa ya maji yanayokimbia. Wakaja wakairundikia spika vifaa vya ujenzi. Sikio si kila kitu, kwani hupapasa pia mahali maji yanapovuta, lakini ndilo linalomwamsha. Sisi husema biva anapenda maji; nadhani kelele za maji zinamkera, kama bomba linalodondosha maji usiku linavyomkera mama mwenye nyumba. Kuna watu wanaotumia udhaifu huo. Bwawa likitishia kufurika barabara, hupitisha bomba ukutani na kuweka mdomo wake mbali, katikati ya bwawa, ndani ya kizimba cha nyaya. Maji yanaondoka kimyakimya, na fundi anaendelea kutomea ukuta wake akiona mambo ni salama. Nakiri nilipoona picha za mtambo huo nilimwonea huruma.

Kwa kuwa mwito wake ni kelele, penye kelele ndipo anapokimbilia. Panaponong'ona anapaachia. Ukuta wake unapitisha maji katika vitundu mia, mengine yanamwagika juu, mengine yanazunguka pembeni kwa vijito vidogo. Mengine, na haya ndiyo yanayonipendeza zaidi, husukumwa na uzito wa bwawa yakaingia chini kwenye changarawe, yakasafiri gizani, kisha yakaibuka chini ya ukuta yakiwa baridi hata jua linapowaka. Samaki mchanga hutafuta nini zaidi? Bwawani maji yametulia, hahitaji kupigana na mkondo siku nzima. Tope lililotua linazaa wadudu. Kina kinamficha asionwe na korongo mwenye mdomo mrefu. Matawi ya akiba ya biva ni msitu wa kujifichia. Joto likizidi, anajua pale yanapoibuka maji baridi.

Hayo yangeweza kubaki simulizi za wapenda wanyama, kama si kijito kimoja cha Oregon, magharibi mwa Marekani, kinachoitwa Bridge Creek. Maji yake huingia mto John Day, kisha Columbia, kisha Pasifiki. Humo huzaliwa trauti wenye desturi ya kwenda kukulia baharini na kurudi kutaga. Kwa spishi ni yuleyule trauti aliyepandikizwa katika mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni, ila wa Kenya hana safari hizo. Idadi ya hawa wa Oregon ilikuwa imeshuka hata wakawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Kijito chenyewe kilikuwa kimegeuka korongo. Biva walikuwa wamewindwa kwa ajili ya manyoya, ng'ombe wakala mierebi ya kingoni, na maji, yasiyo na wa kuyashika, yakachimba chini na chini mpaka yakaachana na bonde lake.

Biva wachache waliosalia walikuwa wakijenga. Lakini mafuriko yakibanwa ndani ya mfereji mwembamba huja na nguvu zote, na kuta zao zilikuwa zikibomoka kabla hazijakomaa. Basi kuanzia mwaka 2009 watafiti wakafanya jambo ambalo naliona la unyenyekevu mkubwa. Wakapigilia nguzo za mbao kwa safu, kutoka ukingo hadi ukingo, sehemu zaidi ya 100, na nyingine wakazisuka kwa matawi ya mierebi. Kazi hiyo mvuvi wa Bagamoyo angeielewa bila mkalimani. Hawakujaribu kumshinda fundi. Walimsimamishia mihimili wakaondoka. Biva wakaja, wakatazama, wakakandika. Kila waliposhika ukuta ulioanzishwa na watu, ukarabati wa usiku ukawa juu yao.

Wakati huo maelfu ya samaki walitiwa alama ndogo mwilini, kila mmoja na namba yake, na kijito kingine kisichoguswa kikawa cha kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: samaki wachanga waliosalimika waliongezeka kwa asilimia 52, na uzalishaji wao kwa asilimia 175. Wale wakubwa wanaopanda kutoka baharini, ambao kila mtu alihofia wangekwama, walipita. Pengine waliruka, pengine walifuata vile vijito vya ubavuni. Kalafati ingewaua, mvujo ukawapa njia.

Si mara ya kwanza kwa watu kumpelekea biva kazi. Mwaka 1948 maofisa wa wanyamapori wa jimbo la Idaho waliwaingiza biva 76 katika masanduku ya mbao na kuwadondosha kwa miavuli kutoka kwenye ndege, huko milimani kusikokuwa na barabara. Mmoja tu alikufa. Wengine walitoka sandukuni wakaenda kutafuta miti.

Wavuvi wenye ndoano wana manung'uniko, na sitayapuuza. Kule Wisconsin, penye vijito vya mteremko mdogo na trauti anayehitaji maji baridi sana, bwawa pana lililo wazi kwa jua laweza kupata joto kuliko samaki anavyostahimili, na kuta zimekuwa zikiondolewa kwa miaka mingi, nyingine kwa baruti. Mwaka wa kiangazi, maji yakipungua, ukuta unaweza kweli kumchelewesha samaki. Na kuna mahali ambapo biva ni msiba mtupu: mwaka 1946 jozi chache zilichukuliwa kutoka Kanada hadi Tierra del Fuego, ncha ya kusini ya Argentina, kuanzisha biashara ya manyoya. Miti ya huko haichipui ikikatwa. Mierebi ya kaskazini ukiikata leo, mwakani imechipua mara tatu. Fundi na mbao zake walikua pamoja.

Ila manung'uniko mengine ninayatilia shaka. Mvuvi anaposema mto mzuri ni ule mwembamba, mweupe, unaokimbia bila kigogo, anaeleza mto alioukuta. Kampuni ya Hudson's Bay ilipewa hati yake mwaka 1670, na kwa zaidi ya karne moja ngozi za biva zilisafirishwa kwenda kutengenezwa kofia za mabwana wa London. Ulaya nako, kufikia mwaka 1900, walibaki kama 1,200 tu. Mito tuliyoizoea ni ya baada ya kofia. Uskoti, walikorudishwa rasmi mwaka 2009, vijito viwili vinavyoingia ziwa moja viliwahi kulinganishwa, kimoja kina biva na kingine hakina. Trauti wakubwa walikuwa kwenye chenye biva.

Kuta hizi hazidumu kwa uimara, hudumu kwa kuhudumiwa. Mwanasheria Lewis Henry Morgan alizichora kwenye ramani huko Michigan na kuchapa kitabu mwaka 1868. Karibu karne moja na nusu baadaye zikatafutwa, na takriban robo tatu bado zilitambulika. Hakuna biva anayeishi miaka mingi hivyo. Fundi mmoja huwapokeza wengine, au mgeni hukuta tuta la zamani akaliendeleza.

Mgeni huyo kwa kawaida ni kijana. Baba na mama hukaa na watoto wa mwaka huu na wa mwaka jana, wote wakishirikiana kuziba na kubeba. Akifika miaka miwili hivi, kijana huondoka. Hachukui fito wala tope. Hushuka au hupanda mto usiku, akipita mabwawa yenye wenyewe waliokwisha kuweka harufu zao kingoni, mpaka afike kijito kitupu kisicho na mtu. Hapo maji yanapiga kelele juu ya mawe. Anasimama, anasikiliza, kisha anageuka kutafuta tawi la kwanza.