Bundi Asiyelia

Kipimo cha kwanza cha fundi hakikuhitaji kompyuta. Aliagiza maji ya moto kwa mama wa chai wa ng'ambo ya barabara, akayamimina kwenye bakuli, akazamisha kitako cha kipoza cha prosesa yangu kiasi cha nusu kidole, kisha akaniambia, "Mpwani, shika huku juu." Nikashika. Sikuhesabu hata hadi kumi, na mapezi ya juu kabisa, karibu shibiri nzima kutoka kwenye maji, yakawa yameanza kupata joto. "Sasa papasa ncha za mabomba, moja moja." Nikazipapasa zote kumi na mbili, sita kila mnara wa mapezi. Zilikuwa na joto moja. Fundi akakitoa, akakipangusa, akasema, "Kizima."

Kilikuwa mtumba. Kilisafiri usiku kucha kutoka Nairobi kama kifurushi cha basi, ndani ya boksi lake la asili, na mimi nilikuwa nimelipa kabla ya kukiona. Vitu vingi vya kompyuta sivinunui mtumba, ila hiki fundi alinitoa hofu. Mabomba yake hayana kinacholika. Ama ni mazima, ama moja limepasuka mahali likaingiza hewa, na hilo bakuli la maji litakwambia: ncha yake itabaki baridi wenzake wakiwaka.

Naishi West Indies, mtaa wa Eldoret ambao jina lake lilinichekesha nilipohamia kutoka Mombasa. Visiwa visivyo na bahari, na asubuhi za sweta. Kazi yangu ni kuhariri video, nyingi za harusi, na msimu ukifika, za mbio. Kompyuta yangu ina Ryzen 9 5950X, prosesa ya mwaka 2020 yenye viini 16, ambayo ukiibana kazi hula hadi wati 142. Wati zote hizo hugeuka joto ndani ya kitu kisichozidi biskuti kwa ukubwa. AMD huiuza bila kipoza, nami kwa ubahili nilikuwa nimeifunga kipoza kidogo nilichokitoa kwenye mashine ya zamani. Kikawa kinapiga kelele kama kinu cha posho. Prosesa ilifika digrii 90, ikajipunguzia kasi ili isiungue, na video ya harusi yenye urefu wa saa nne ikawa inapikwa, yaani kugeuzwa faili la mwisho, hadi alfajiri, huku mtoto amelala upande wa pili wa ukuta.

Kuna wanaopoza kwa maji: pampu, mipira miwili na rejeta kama ya gari. Fundi hana ugomvi nao. Ila pampu ina siku zake, mpira nao hupitisha mvuke kidogo kidogo miaka ikienda, na siku kipoza hicho kikifa kimekufa chote. Kwenye kipoza cha hewa kinachoweza kufa ni feni, na feni hushikiliwa na waya mbili tu za kubania. Kwa mtu ambaye spea zake hutoka Nairobi kwa basi, hoja hiyo ilitosha. Hatukuijadili tena.

Tulichojadili kwa muda mrefu ni hewa yenyewe.

Yeyote aliyepanda huku kutoka Pwani huikuta habari hii jikoni. Unateleka maharagwe, sufuria inatokota vizuri, saa moja inapita, unabonyeza punje na bado ni kokoto. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji ni haba, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na digrii 93 hivi badala ya 100. Yanachemka mapema, na maharagwe yanachelewa. Mke wangu, mzaliwa wa huku, alinicheka siku hiyo na kunionyesha ilipo sufuria ya presha.

Sasa chukua jambo hilohilo ulipeleke mbali zaidi. Twaa bomba jembamba la shaba, nyonya hewa yote iliyomo, acha ndani matone machache ya maji, kisha lizibe. Humo maji huchemka kwa joto la kiganja cha mkono. Ndani ya bomba lile kuna mlima mrefu kama Kilimanjaro tatu zilizobebana. Upande mmoja ukigusa prosesa, maji huwa mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi ukiwa umebeba joto, hulitua kwenye mapezi, hugeuka maji tena. Na maji yanarudije bila pampu? Ukuta wa ndani umepakwa unga wa shaba uliochomwa hadi ukashikana ukiwa na vitundu, na maji hurudi humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Richard Gaugler wa General Motors alisajili wazo la namna hii miaka ya 1940, lakini halikupata kazi. Mwaka 1963 George Grover alilibuni upya kule Los Alamos, Marekani, akifikiria vyombo vya angani. Leo liko chini ya meza yangu, likitumwa kazi ya harusi.

Kwa hiyo ndani ya bomba mwinuko wa Eldoret hauna neno, kwa sababu limezibwa na halijui liko wapi. Nje ndipo penye shughuli. Feni huvuta ujazo uleule wa hewa Mombasa na hapa, ila ndani ya ujazo huo hapa hewa imepungua kama moja ya tano. Hewa ikipungua, joto inalobeba nalo hupungua. Kipoza kilichopandisha prosesa digrii 50 juu ya joto la chumba kule chini, huku kitaipandisha karibu 60. Ila chumba changu cha Mombasa kilikuwa na digrii 31 saa tatu usiku, na cha hapa kina 18. Hewa baridi yafidia hewa haba, na ukipiga hesabu unabaki na faida ndogo. Fundi ndiye aliyenipigia hesabu hiyo, nyuma ya risiti, kwa kalamu iliyokuwa ikikatakata wino. Watu wengi wa mjini hudhani baridi ya Eldoret inawapa kibali cha kununua kipoza chochote. Wanasahau kwamba wanariadha hawaji huku kufuata baridi.

Na hapo ndipo safari ya chombo hiki inanifurahisha. Kinaitwa Noctua NH-D15, na wenyewe wako Vienna, Austria. Eliud Kipchoge alijinoa Kaptagat, katika hewa hii nyembamba, akashuka hadi Vienna na tarehe 12 Oktoba 2019 akakimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40. Kipoza hiki kimefanya kinyume chake: kikasanifiwa kule bondeni penye hewa nzito, kikapandishwa kuja kufanya kazi huku.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mama yangu. Alama ya kampuni ya Noctua ni bundi. Jina lenyewe limetoka kwenye jina la kisayansi la bundi mdogo. Kwetu bundi akitua juu ya paa akalia, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Mimi nikamtolea nauli ya basi aje. Lakini ukiliacha neno la mkosi, bundi ndiye ndege arukaye bila kusikika, na waliomchagua walikuwa na maana hiyo.

Rangi ya feni za kipoza ni ya maziwa na kahawia, kama viti vya basi la zamani. Kuna wanaoichukia. Mimi naona mtu aliyetumia miaka kwenye mapanga ya feni ana haki ya kutojali rangi. Kampuni ilianza mwaka 2005. NH-D14 ilitoka 2009, NH-D15 ikaifuata 2014, na iliyoirithi, NH-D15 G2, haikutoka hadi 2024. Miaka kumi kwa kipande cha alumini chenye feni mbili! Simu zimebadilika mara ngapi hapo kati? Kwenye feni yao moja iliyotoka 2018, nafasi kati ya ncha ya panga na ukuta ni nusu milimita tu, kwa kuwa upana ukizidi hewa hurudi nyuma. Nusu milimita si ngumu kuipata siku ya kwanza. Ugumu ni kwamba plastiki ya kawaida ikizungushwa miaka kwenye joto hurefuka kidogo kidogo, na siku moja panga litagusa ukuta. Ikabidi watafute plastiki nyingine, ngumu zaidi. G2 nayo inauzwa na vitako vya aina tatu, vinavyotofautiana kwa mbinuko ambao jicho halioni, kwa sababu prosesa zikibanwa kwenye soketi hupinda, na kila aina hupinda kivyake.

Nikiulizwa na mwanafunzi wa chuo mwenye pesa za kuhesabu, simtumi kwa bundi. Thermalright wana Peerless Assassin 120 SE, minara miwili, mabomba sita, feni mbili, na kule Marekani huuzwa takriban dola 35 wakati NH-D15 ni kama 110. Tofauti ya joto ni digrii chache tu. Mimi ningekinunua hicho kama bundi wa mtumba asingejitokeza kwa bei ya kusikika. Nilichovutiwa nacho zaidi ni kwamba soketi mpya zikitoka, Noctua hukutumia vyuma vya kufungia bure ukionyesha risiti ya ununuzi. Muuzaji wangu alikuwa ameihifadhi yake ndani ya boksi.

Fundi hakuridhika na bakuli la maji peke yake. Alichukua wembe, akausimamisha kwa makali yake juu ya kitako, akakiinua kuelekea dirishani atazame mwanga unapitia wapi. Akalijaribu pezi moja moja kwa kucha, kwa upole, kuona kama linacheza. Kwenye vipoza vya bei ya chini mapezi husokomezwa tu kwenye bomba, haya yamelehemiwa. Kati ya pezi na pezi kulikuwa na vumbi jekundu, ishara kwamba hata Nairobi kuna mitaa isiyo na lami. Akalitoa kwa brashi ya rangi. Aliwahi kumkuta mteja aliyepeleka mashine yake petroli stesheni ipigwe upepo wa magurudumu. Upepo ule huja na matone ya maji, na feni ikizungushwa nao kasi isiyo yake huharibika shingo.

Kufungua kipoza cha zamani ndiko kulikonifundisha kwa nini namwita fundi. Mimi ningekivuta. Yeye aliwasha mashine kwanza, akaipa video ipike kwa dakika kumi, na sisi tukanywa chai. Pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ipitishe joto, ikikaa muda mrefu huganda kama gundi, na soketi ya prosesa hii haina kifuniko cha kuikandamiza isitoke: ukivuta kwa nguvu, prosesa inang'oka na kipoza, na pini zake zaidi ya elfu moja zinapinda. Pesti ikipata moto hulainika. Akazima, akachomoa waya, akafungua skrubu, akakizungusha kipoza kushoto, kulia, kushoto, kama mtu afunguaye mfuniko wa chupa ya asali. Kikaachia chenyewe. Akanionyesha alama ya pesti chini yake: pembeni nene, katikati imekauka hadi nyufa. "Hii ilikuwa inapumua kwa upande mmoja," akasema.

Pesti mpya aliweka tone kama punje ya mbaazi, basi. Akakalisha minara, akakaza skrubu hii nusu mzunguko, ile nusu mzunguko, akirudi na kurudi, hadi zikagota zenyewe. Skrubu hizo zina springi na kikomo. Hata mwenye mkono mzito hawezi kukaza kupita kiasi. Aliyezichora alimfikiria mtu asiye fundi, na fundi wangu alizipenda kwa sababu hiyohiyo.

Kisha tukakwama. Feni ya mbele hukaa juu ya vibao vya ramu, na vyangu vina mapambo marefu niliyoyalipia bure. Ukiinua feni, mfuniko wa kesi haufungi. Fundi akapima kwa rula mara mbili: milimita tano zinakosekana. Nikaanza kufikiria msumeno. Yeye akaichomoa feni ya mbele, akabakiza ile ya katikati ya minara, akawasha. Video ileile, dakika thelathini: digrii 74. Ya pili ingeingia, akakadiria, ingeshusha mbili au tatu. "Hiyo nyingine iweke kwenye boksi. Siku hii ikifa, hutasubiri basi."

Nikainua mashine niondoke nayo kwenye boda, kama nilivyokuja. Fundi akanishika mkono. Kipoza hicho kina uzito wa kilo moja na ushei, na kesi ikisimama kinaning'inia kwenye bodi kama mlango kwenye bawaba. Matuta mawili matatu ya boda yatosha kuipasua. Akailaza chali, akanipigia teksi. Nikaketi kiti cha nyuma, mashine imelala kando yangu imefungwa mkanda, sweta langu likiwa chini yake. Dereva akatazama kwenye kioo, akatazama tena, akauliza kwa sauti ya chini kama huyo ni mgonjwa. Nikamwambia aende polepole.