Mafaili yapo, usikimbilie kupiga Windows

Flashi ni ya GB 8. Ukiifungua unaona folda nne, kila moja ina kishale kidogo kwenye kona ya picha yake, na ukizipima hakuna inayozidi KB 2. Lakini ukibofya kulia kwenye flashi yenyewe na kuangalia nafasi iliyotumika, unakuta zaidi ya GB 5. Hizo GB 5 ndizo maksi za wanafunzi, picha za harusi na tasnifu ambayo mwenyewe ameshaanza kuililia. Hazijaenda popote. Kulinganisha namba hizo mbili ni kazi ya nusu dakika, na ingeokoa kazi nyingi za watu kama ingefanyika kabla fundi hajatoa hukumu.

Flashi ninayoieleza ni ya mdogo wangu, mwalimu wa sekondari, aliyetoka kuprinti mitihani steshenari. Alipoichomeka kwenye laptopu ya nyumbani na kufungua folda yake, kila flashi iliyochomekwa baada ya hapo ikawa vilevile. Fundi akamwambia, "Dada, hapa hakuna namna, inabidi tupige Windows upya." Kabla hajakubali akanipigia simu.

Hivi ndivyo vinavyoitwa virusi vya shotikati, na havili mafaili. Vinazipa folda zako sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, na Windows ikiachwa ilivyotoka kiwandani haionyeshi kitu chenye sifa hizo. Kisha vinaweka shotikati, yaani njia ya mkato yenye kile kishale, kwa jina lilelile la folda na picha ileile. Nilimwambia abofye kulia kwenye ile ya "Mitihani" akanisomea mstari wa Target. Badala ya njia ya folda kulikuwa na cmd.exe ikipewa amri mbili kwa mpigo: iendeshe skripti iliyofichwa humohumo kwenye flashi, halafu ifungue folda halisi. Ndiyo maana mtu anabofya, anaiona mitihani yake, anafanya kazi, anafunga, na hana sababu ya kushtuka. Kila kitu kimefunguka kama jana.

Mbinu hii ina historia. Conficker, iliyoanza kusambaa Novemba 2008, ilipitia pia kwenye flashi kwa kutumia Autorun, ule utaratibu wa Windows kuanzisha programu mara tu kifaa kinapochomekwa. Microsoft iliubana utaratibu huo kwa upande wa flashi katika Windows 7, na Februari 2011 ikapeleka mabadiliko hayo kwenye XP na Vista. Tangu mlango huo ufungwe, kirusi cha flashi kwa kawaida kinahitaji mtu abofye. Na hakuna kitu ambacho mtu hukibofya bila kujiuliza kama folda yenye jina alilolitunga mwenyewe.

Virusi vya namna hii vina maisha marefu kuliko waliovitengeneza wanavyovihitaji. PlugX ni programu ya ujasusi ambayo watafiti wanaihusisha na wadukuzi wa China, na toleo lake mojawapo lilipewa uwezo wa kujinakili kwenye flashi kwa njia hiyohiyo ya shotikati. Wenyewe wakaitelekeza anwani ya intaneti iliyokuwa ikitumika kuliamuru. Septemba 2023 kampuni ya Sekoia ya Ufaransa iliichukua anwani hiyo kwa dola 7 tu, ikakaa kusikiliza. Kwa miezi sita, anwani za IP zipatazo milioni 2.5 kutoka nchi zaidi ya 170 zilibisha hodi, kati ya 90,000 na 100,000 kila siku. Anwani za IP si sawa na idadi ya kompyuta, kwa kuwa kompyuta moja inaweza kubadilisha anwani mara nyingi. Hata hivyo picha yake iko wazi: mwenye mbwa kaondoka, mbwa bado anazunguka mitaani. Kampuni ya Sophos nayo ilieleza mwaka huohuo jinsi PlugX ya flashi ilivyoonekana Papua New Guinea, Ghana, Zimbabwe na Nigeria, nchi ambazo kazi nyingi bado hutembea mkononi ndani ya flashi kama kwetu.

Sasa usafishaji wenyewe. Wengi huanzia kwenye flashi: wanafuta shotikati, wanafurahi, na baada ya sekunde chache zinarudi. Zinarudi kwa sababu skripti inaendelea kufanya kazi ndani ya laptopu na inakikagua kila kifaa kilichochomekwa. Kwa hiyo flashi inachomolewa kwanza, Wi-Fi inazimwa, na kazi inaanzia kwenye laptopu.

Nilimwelekeza kwa simu afungue Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc. Katika orodha ya kina kulikuwa na wscript.exe, programu halali ya Windows inayoendesha skripti. Kosa si lake, kosa ni la kile ilichopewa kusoma. Akaisimamisha. Kilichofuata ni kutafuta mahali inapoamshwa kila laptopu inapowaka, na hapa ndipo mafundi wa haraka hupapita. Nilimpakulisha Autoruns, programu ya bure ya Microsoft, kupitia kompyuta ya shuleni ambayo haikuwa na tatizo, ikaja kwenye flashi nyingine mpya. Ilionyesha mistari miwili ya kutiliwa shaka, mmoja kwenye folda ya Startup na mwingine kwenye rejista ya Windows, katika ufunguo uitwao Run. Yote miwili ilielekeza kwenye faili moja la .vbs ndani ya AppData\Roaming, lenye jina lililofanana na la sasisho. Tukaiondoa mistari yote miwili na faili lenyewe. Angeacha mmoja, kesho yake asubuhi angekuwa alipoanzia.

Baada ya kuzima na kuwasha, na wscript.exe isionekane tena, tuliwasha Microsoft Defender na kurudisha Wi-Fi ili ipate sasisho. Nasema tuliwasha, kwa sababu ilikuwa imezimwa na fundi aliyeweka Windows ya kukraki miaka ya nyuma. Programu nyingi za kukraki humtaka mtu azime ulinzi kwanza, na watu hutii. Tukachagua ukaguzi wa nje ya mfumo, ambao huiwasha upya kompyuta na kuikagua kabla Windows ya kawaida haijaamka, wakati kirusi hakina nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15.

Hapo ndipo flashi ilipochomekwa tena, bila kubofya chochote ndani yake. Kwenye dirisha la amri, del F:\*.lnk inafuta shotikati, na dir /a F:\ inaorodhesha vyote vilivyomo, vya siri kwa vya wazi, ili uione skripti na kuifuta kwa jina lake kwa del /f /a, maana del ya kawaida hailigusi faili lililofichwa. Mwisho kabisa ndiyo inakuja attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ambayo inaziondolea folda zile sifa za kufichwa. F ni herufi ya flashi, ya kwako inaweza kuwa nyingine. Amri hii ya attrib watu hutumiana kwenye WhatsApp kama dawa, nami naona hapo wanapotoshana. Inarudisha mafaili machoni, lakini kirusi haikigusi hata kidogo. Ukianza nayo, umekiachia kirusi nafasi ya kuyaficha tena.

Kuna wakati kupiga Windows ndiyo njia sahihi. Sality, iliyojulikana tangu 2003, hujipachika ndani ya programu zenyewe, na ikishaenea huwezi kuiamini .exe yoyote kwenye diski. Hapo unatoa nyaraka na picha tu, unafuta diski nzima na kuanza upya, tena kwa Windows iliyopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft. Ukitumia ileile ya kukraki inayoanza kwa kuzima Defender, umelipa hela kurudishiwa tatizo.

Limebaki moja ambalo mtu akishayaona mafaili yake hulisahau. Baadhi ya skripti hizi hazina kazi ya kujisambaza tu. H-worm, iliyochambuliwa na FireEye mwaka 2013, iliandikwa kwa VBScript, ikisambaa kwa shotikati za flashi, na ilimpa mdukuzi uwezo wa kuiendesha kompyuta akiwa mbali, na anayeiendesha kompyuta yako anaweza kuchukua hata nywila. Kwa hiyo mdogo wangu alibadilisha nywila za barua pepe na za mfumo wa matokeo wa shule akitumia simu, akaondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti zake, na akaweka uthibitisho wa hatua mbili. Tuliruhusu pia Windows ionyeshe viambishi vya mafaili na vitu vilivyofichwa. Siku hizi steshenari anapeleka flashi ndogo ya peke yake, ndani ina PDF ya kuprinti na si kitu kingine, na ikirudi inafomatiwa kabla haijatumika tena.