“Ina ukungu kidogo, hauathiri picha”: hebu tuipime kauli hii

Ukitafuta lenzi ya mtumba ya kamera kubwa, zile zinazotumia filamu ya inchi 4 kwa 5, hutachelewa kukutana na sentensi hii: ina ukungu kidogo kwa ndani, hauathiri picha. Wauzaji wanaiandika, wapiga picha wazoefu wanaitetea, na imerudiwa mpaka watu wanaichukulia kama sheria ya fizikia. Sio sheria. Ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umetolewa kwenye tatizo jingine, na anayelipia ni mwanafunzi aliyedunduliza hela miezi kadhaa.

Tuwape kwanza haki yao. Vumbi kidogo na mkwaruzo mmoja mmoja kweli havionekani kwenye picha, kwa sababu viko mbali mno na fokasi. Tena kuna kisa kinachowapendelea zaidi. Katika miaka ya 1890 Mwingereza H. Dennis Taylor, yule aliyebuni lenzi ya Cooke ya vioo vitatu, aligundua kuwa baadhi ya lenzi zilizochakaa na kubadilika rangi juu ya uso wake zilikuwa zinapitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Ajabu, lakini ina maelezo. Uso wa kioo kitupu huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga. Lenzi yenye nyuso 8 zinazogusana na hewa hubakiwa na kama asilimia 72 tu ya mwanga unaonyooka hadi kwenye filamu. Utando ule wa uzee ulikuwa unapunguza kuakisi huko, na hapo ndipo wazo la kupaka lenzi koti lilipopata nguvu.

Lakini angalia: utando wa Taylor ulikuwa laini, mwembamba na angavu. Ukungu wa kwenye tangazo sio huo. Huu ni vitone vidogo vidogo vya mafuta, au uso wa kioo ulioliwa na unyevu ukawa na chembechembe, na kazi yake kubwa ni kutawanya mwanga. Muulize dereva wa basi anayeelekea magharibi saa kumi na mbili jioni, kioo cha mbele kikiwa na vumbi. Barabara anaiona vizuri tu, mpaka anapokata kona na jua likampiga usoni. Kioo ni kilekile, vumbi ni lilelile.

Hapo ndipo picha za majaribio za wauzaji zinapotudanganya. Wanapiga ukuta wa matofali siku ya mawingu, wanakuza, mistari imekaa sawasawa, basi lenzi imefaulu mtihani. Ukungu hauharibu sana ukali wa mistari. Unaharibu kontrasti, yaani pengo kati ya sehemu angavu na sehemu za giza, na ukuta wa matofali hauna pengo la maana la kupoteza.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mandhari ambayo sehemu angavu kabisa ina mwanga wa 100, kivuli kizito kina 0.1, na wastani ni 18. Pengo ni 1 kwa 1,000, kama stopu 10. Sasa ukungu utawanye asilimia 2 tu ya mwanga, usambae sawasawa juu ya filamu nzima. Kila mahali panaongezeka 0.36. Sehemu angavu haijali. Kivuli kimetoka 0.1 hadi karibu 0.46. Pengo limeshuka hadi kama 1 kwa 215, yaani stopu mbili na ushee zimeyeyuka, zote upande wa giza. Asilimia 2! Kwa macho ungesema ni “kidogo” kweli.

Atakayejibu kwamba vivuli vikiinuliwa hivyo vinasaidia filamu ana hoja. Wapo wapiga picha wanaoipa filamu mwanga hafifu kwa makusudi kabla ya picha yenyewe. Ila wao wanachagua kiasi. Ukungu hauna kipimo: unabadilika kila jua likisogea.

Utetezi wa pili ni mbovu zaidi: “funga tundu hadi f/22, ukungu unapotea.” Lenzi ya milimita 210 ikiwa f/5.6 ina tundu la karibu milimita 37. Kwa f/22 linabaki chini ya milimita 10. Kama ukungu uko pembezoni, sawa, umeukata. Kama uko katikati, karibu na shata, ambako mara nyingi ndiko mvuke wa mafuta unakotua, umefanya kinyume: mwanga wa picha nzima sasa unapita kwenye kisenti kilekile kichafu.

Upande wa pili kuna kambi ya “fungua tu ufute.” Nayo nina ugomvi nayo, kwa sababu inaruka swali la kwanza: ni ugonjwa gani? Kiswahili chetu kinaongeza utata, maana ukungu ni wa asubuhi na ukungu ni wa mkate. Kwenye lenzi neno hilo linaweza kumaanisha mafuta, fangasi, gundi iliyoharibika kati ya vioo viwili, au kioo chenyewe kuliwa. Mafuta yanafutika. Fangasi inaweza kuondoka na kuacha alama ya kudumu. Hayo mawili ya mwisho hayafutiki hata usugue hadi koti liishe. Lenzi ya Dagor, kwa mfano, kila nusu yake ni vioo vitatu vilivyogundishwa pamoja. Ndani hakuna hewa, kwa hiyo “ukungu wa ndani” hapo ni gundi tu, na spana haikusaidii. Aero Ektar ya Kodak nayo hugeuka manjano kwa sababu glasi yake ina thoriamu. Hiyo inatibiwa kwa kuianika kwenye mwanga wa urujuanimno, siyo kwa kitambaa.

Halafu ushauri mwingi umeazimwa kutoka lenzi za kamera ndogo, zenye grisi kwenye mzunguko wa kufokasi. Lenzi nyingi za kamera kubwa hazina mzunguko huo; kamera yenyewe ndiyo inasogea. Na zina faida ambayo washauri hawaitaji: nusu ya mbele na ya nyuma hufunguka kutoka kwenye shata kwa mkono. Fungua hizo kwanza, ukitunza washa nyembamba ukizikuta, maana ndizo zinazoshika umbali kati ya nusu hizo. Mulika tochi kwa nyuma, kwa pembe. Mara nyingi huo ukungu “wa ndani” umekaa kwenye uso unaotazama shata, unaofikika bila spana yoyote. Pamba, alkoholi safi kidogo sana, mguso mwepesi. Usiloweke vioo vilivyogundishwa. Ukiwa umebaki kati ya vioo ndipo spana ya ringi inapohitajika, pamoja na alama ya penseli pembeni ili kila kioo kirudi kilivyokuwa kimetazama.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji picha mbili: lenzi nzima ikimulikwa tochi kutoka nyuma, na kila nusu peke yake ikiwa imefunguliwa. Ni kazi ya dakika tano. Akikataa, toa bei ya lenzi ambayo kioo chake kimeshaliwa.