Bibi Arusi wa Sultani Darai

Miongoni mwa hadithi za kale zilizohifadhiwa katika lugha yetu, ni chache zenye ucheshi wa kushinda kisa cha Sultani Darai. Kisa hiki kilisimuliwa Unguja, na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, akakitia katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili uliochapishwa London mwaka 1870. Ni kisa kirefu. Sehemu tunayokusudia kuihakiki hapa ni ile ya maskini Hamdani na paa wake. Wasomaji wengi wakiisha kuisoma sehemu hiyo hufunga kitabu na methali moja tu mdomoni, kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hiyo haikosei. Lakini imekuwa kama pazia lililotundikwa mbele ya kisa, na nyuma ya pazia hilo amefichika mtu ambaye, kwa maoni yetu, ndiye mwenye akili na utu kuliko binadamu wote waliomo. Mtu huyo ni bibi arusi.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokwenda. Hamdani alikuwa amefuja mali yake yote, akawa kazi yake ni kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni. Badala ya kununua chakula, akanunua paa, na watu wakamcheka sana: mtu asiye na cha kutia kinywani amejitafutia wa kumlisha! Paa huyo alijua kusema. Akaomba ruhusa awe akienda malishoni mchana na kurudi jioni, na huko malishoni akaokota almasi. Hakumpelekea bwana wake. Alikwenda nayo mbio mpaka kwa Sultani wa nchi nyingine, akaiweka mbele yake, akasema kwamba ametumwa na bwana wake, Sultani Darai, aje kumposea binti.

Hapo ndipo kicheko kinapoanza, nacho ni kicheko cha msomaji peke yake, kwa kuwa yeye anajua alipo Sultani Darai saa ile: yuko jaani, amepiga magoti, anapepeta vumbi. Paa anarudi kumchukua. Anamficha kando ya mto, kisha anakwenda tena kwa mkwe na habari ya kusikitisha, kwamba wanyang'anyi wamewavamia njiani na kumvua bwana harusi hata nguo ya mwilini. Sultani anatoa mavazi, silaha na farasi. Hamdani anasuguliwa kwa mchanga, anaogeshwa, anavishwa, na kupewa onyo la mwisho: akifika mjini asalimu na kuuliza habari, basi, maneno mengine yote amwachie paa. Onyo hilo linatosha kutueleza tabia yote ya bwana harusi. Nguo anazo, farasi anaye, jina analo, lakini akifungua kinywa jaa litatoka.

Ucheshi wa namna hii hujengwa juu ya pengo lililopo baina ya jina la mtu na mtu mwenyewe. Ni ucheshi wa wanyonge. Msimulizi na wasikilizaji wake wa Unguja ya wakati ule, mji wa watawala, matajiri wa karafuu na watumwa, walijua vizuri kwamba kilemba na upanga vyaweza kumfanya mtu yeyote awe bwana, mradi anyamaze.

Je, binti aliulizwa? Hakuulizwa. Posa ilisemwa na paa, ikajibiwa na baba, na almasi ikabaki mkononi mwa baba. Katika sehemu hii yote binti hana neno hata moja, wala hana jina. Mume wake amepata majina mawili, moja la jaani na moja la kasri. Yeye ni binti Sultani, halafu ni mke wa Sultani Darai, na hakuna zaidi. Msomaji wa leo hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini mhakiki hana budi kungoja, maana hadithi hii inamweka mwanamke huyu akiba.

Ili tuone uzito wa kimya chake, yafaa tukilinganishe na kisa kingine cha kuchekesha kuhusu arusi, kutoka mbali sana na kwetu. Katika Uingereza ya karne ya 15 mtunzi asiyejulikana alitunga kisa cha mashairi juu ya arusi ya Gawain, askari wa Mfalme Arthur, na Bibi Ragnelle. Kisa hicho kimesalia katika mswada mmoja tu, uliohifadhiwa Oxford, nao una ukurasa uliopotea. Mfalme ametegwa na adui yake: katika mwaka mmoja alete jibu la swali, ni kitu gani wanawake hukitaka kupita vyote, ama sivyo auawe. Anatokea Ragnelle juu ya farasi aliyepambwa kwa dhahabu. Mwenyewe ana uso mwekundu, pua yenye kamasi, kinywa kipana na meno ya njano. Yeye analo jibu, na bei ya jibu ni kuolewa na Gawain. Jibu lenyewe ni kwamba wanawake wanataka mamlaka. Mfalme anaokoka, na siku ya arusi inawadia.

Malkia, kwa aibu, anamsihi bibi arusi aolewe alfajiri na mapema, kimyakimya. Ragnelle anakataa katakata. Ataolewa kanisani mbele ya watu wote, na karamu itakuwa katika ukumbi mkubwa. Katika karamu hiyo anakula kuku watatu wanono na ndege wengine watatu, na nyama za kuoka juu yake, akizirarua kwa kucha za urefu wa inchi tatu, huku mabibi wa mjini wakilia kwa ajili ya Gawain. Tunacheka, lakini baada ya kucheka tunajiuliza ni nani hasa anayechekwa. Ragnelle anajua alivyo na haoni sababu ya kufichwa. Wanaohangaika ni wale wanaomtazama. Usiku anageuka kuwa mzuri wa ajabu, kwa kuwa alikuwa amerogwa na mama yake wa kambo, na anampa mumewe achague: awe mzuri usiku na wa kutisha mchana, au kinyume chake. Gawain anamwachia uamuzi mwenyewe, na kwa kuachiwa huko uchawi wote unamtoka.

Ni kisa kizuri, lakini kina udhaifu usiofichika. Mtunzi hakuthubutu kumwacha Ragnelle na sura yake ya kwanza; ilimbidi awe mrembo ndipo arusi ihesabiwe kuwa ya heri. Tena, mamlaka aliyoyapata anayarudisha papo hapo kwa kuahidi kumtii mumewe siku zote. Alisimama imara alipokuwa akichukiza, na alipopendeza akainama.

Binti wa Sultani wetu anakwenda njia iliyo kinyume. Anaanza akiwa ameinama. Anachukuliwa na kupelekwa katika jumba kubwa la mawe ambalo paa amelipata kwa kumuua nyoka wa vichwa saba. Wanakaa humo raha mustarehe, na hapo paa anajitia ugonjwa ili ampime bwana wake. Sehemu hii ndiyo tajiri kuliko zote, nasi twamshauri mwalimu asiipite haraka. Kikongwe wa jumbani anatumwa kwa bwana aseme kwamba paa hawezi. Bwana anajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu. Jumba limejaa mchele, na yeye anaagiza mtama! Yule aliyekuwa akichakura punje za mtama sasa anaupima mtama kuwa ndio stahili ya mwingine. Kikongwe anakwenda na kurudi, na kila akirudi maneno ya bwana yanazidi ukali, mpaka anauliza: kwani mnyama huyu si wa thumuni?

Swali hilo ndilo linalomvua Hamdani nguo zote alizovishwa kando ya mto. Mke anasikia. Kwa mara ya kwanza anafungua kinywa, na maneno yake si ya mtu aliyekuwa amelala muda wote ule. Anamwuliza mumewe kama akili zake zimempotea. Anakumbusha ni nani aliyekuja kwa baba yake kuposa, na ni nani aliyeipata nyumba waliyomo. Anapokemewa, hapigi kelele. Anampelekea mgonjwa kwa siri chakula kizuri cha sehemu yake mwenyewe, na nguo ya kujifunika. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Mke anaandika barua kwa baba yake, na Sultani anakuja na watu wake kumlilia na kumzika mnyama ambaye mwenyewe hakumthamini hata thumuni.

Tutazame jinsi mwanamke huyu anavyojiona. Angeweza kujiona kuwa pambo la jumba, na mambo ya paa si yake. Angeweza pia kujiona kuwa bidhaa, kwani hakika alitolewa kwa almasi. Lakini anajiona kuwa mwenye deni, na kwa kuwa mwenye deni ni mtu huru wa kulipa, ndipo anapoipata sauti. Tukumbuke kwamba miaka 12 tu kabla ya kitabu cha Steere, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi maarufu wa wosia, unaomfundisha mke kujitazama kwa macho ya mume na kuitafuta radhi yake. Hatuudharau utenzi ule. Lugha yake ni hazina, na mama aliyeutunga alikuwa mgonjwa akimwonea huruma mwanawe. Hata hivyo hadithi ya mdomo ilithubutu kusema jambo ambalo utenzi haukulisema, yaani radhi ya mume asiye na utu haina thamani.

Halafu inakuja hukumu, nayo ni ya usingizini. Mke anaota yuko kwa baba yake. Kunakucha na yuko kweli kwa baba yake. Mume anaota anachakura jaani. Kunakucha na yuko jaani, na watoto wapitao wanamcheka. Hapana kadhi wala baraza. Nchini Ufaransa, Charles Perrault alichapisha mwaka 1697 kisa cha paka mwenye viatu, ambacho mwenendo wake karibu ni huu huu: mnyama mwerevu, bwana maskini, nguo za kuazima, na binti wa mfalme. Lakini kule kijana anabaki mwungwana mpaka mwisho, paka anakuwa bwana mkubwa, na binti kazi yake ni kupenda tu. Kilichozidi katika kisa cha Unguja ni mke mwenye kumbukumbu, na kwa ajili yake kasri lote linaanguka.

Wanafunzi wa Dindira, milimani katika Wilaya ya Korogwe, hawatakiona kisa hiki kuwa cha pwani peke yake. Wao wanaijua habari ya Mbegha, mwindaji wa Ngulu, upande wa Handeni, aliyefukuzwa kwao kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza, akapanda milima ya Usambara na mbwa wake akiwagawia watu nyama ya nguruwe mwitu. Abdallah bin Hemedi aliiandika katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapishwa tena mwaka 1962. Mbegha naye alikuwa mgeni asiye na kitu aliyepewa wake na ufalme. Lakini yeye alikuja kama alivyo, na ukarimu wake ulikuwa wa mkono wake mwenyewe. Tena mke wake wa Bumbuli hakupotea ndani ya jumba la mume: mwanawe, Buge, ndiye aliyekirithi kiti cha Vugha, kwa nguvu za wajomba wake. Mke aliye na kwao ana mahali pa kusimama. Msimulizi wa Unguja alilijua hilo, ndiyo maana ndoto ya binti Sultani inampeleka kwao na si mbinguni.

Katika darasa la leo suala la ridhaa halikwepeki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilidai ridhaa ya hiari ya wote wawili, lakini ikaruhusu msichana aolewe na miaka 15 hali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba tofauti hiyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Mwalimu akizisoma habari hizi pamoja na kisa, wanafunzi watauliza maswali ambayo Steere hakuyatazamia. Mmojawapo, kama ni mwerevu na amekulia mahali ambapo wazee hukaa kikao kuamua mahari irudishwe au isirudishwe, atauliza habari ya ile almasi. Hadithi haisemi kwamba Sultani aliirudisha. Na kama angetaka kuirudisha, angempa nani: mume aliye jaani, ambaye hakuwahi kuigusa, au paa aliyeiokota, aliyekwisha kuzikwa?