Nguo ya Glaida

ASK 13 ni glaida, yaani ndege isiyo na injini, na sehemu kubwa ya mwili wake haikufunikwa kwa bati wala plastiki. Imevishwa nguo. Chini ya nguo hiyo kuna kiwiliwili cha mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, na mabawa ya mbao yenye urefu wa mita 16 kutoka ncha hadi ncha. Rudolf Kaiser aliibuni kwa ajili ya kiwanda cha Alexander Schleicher huko Poppenhausen, Ujerumani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1966, na baadaye zikaundwa zaidi ya 600. Ina viti viwili, cha mwanafunzi mbele na cha mkufunzi nyuma. Winchi iliyo mwisho wa uwanja huivuta kwa kebo mpaka ikapaa, kisha kebo huachiliwa, na kuanzia hapo inabebwa na hewa tu. Marubani wengi wa Ulaya walijifunzia humo, na wengi wao waliitua kwa kishindo kabla ya kujua kuitua kwa adabu.

Nguo huzeeka. Jua huila, unyevu huilegeza, rangi hupata nyufa ndogondogo, na mwishowe mkaguzi hutamka kwamba haifai kupita mwaka mwingine. Hapo glaida huvuliwa hadi kwenye mifupa, hutengenezwa, kisha huvishwa upya. Watu wakiiona uwanjani baada ya kazi hiyo, huisifu rangi inavyong'aa. Mimi nausifu ufundi ambao rangi hiyo imeufunika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui chombo ambacho msemo huo unakihusu neno kwa neno kuliko glaida ya kitambaa.

Ufundi huu ulilelewa Wasserkuppe, mlima wa mita 950 unaoitazama Poppenhausen kutoka juu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliibana Ujerumani katika ndege za injini, na vijana wenye kiu ya kuruka wakaamua kuruka bila injini. Mwaka 1920 walikusanyika mlimani hapo kwa mashindano ya kwanza ya Rhön. Glaida za mafunzo za miaka iliyofuata hazikuwa na kiti cha mkufunzi. Katika SG 38, iliyobuniwa mwaka 1938 katika kiwanda cha Edmund Schneider huko Grunau, mwanafunzi aliketi peke yake kwenye kiti kilicho wazi, mbele yake hakuna kioo wala ukuta, na wenzake wakamrusha kwa kamba ya mpira kutoka mtelemkoni. Akitua vibaya na kuvunja kitu, kikundi kizima kiliingia karakanani. Aliyevunja naye alishika randa. Kutengeneza kulikuwa sehemu ya somo la kuruka.

Utawala wa Hitler uliuteka moyo huo na kuutumia kuwaandaa vijana kwa vita. Baada ya kushindwa, Wajerumani walizuiwa kuruka, na ni mwaka 1951 ndipo glaida ziliporuhusiwa tena. Ufundi haukuwa na ulinzi wowote dhidi ya waliouamuru. Kilichovuka miaka hiyo ni desturi ya vilabu: mwanachama hulipa sehemu ya ada yake kwa fedha na sehemu nyingine kwa saa za kazi. Majira ya baridi yakifika na viwanja vikifunikwa na ukungu, glaida huondolewa mabawa na kuingizwa karakanani. Mwalimu wa shule, fundi umeme, mwanafunzi wa chuo na mstaafu hukaa kwenye meza moja wakipiga msasa, na anayetoa amri ni yule anayeijua kazi, hata kama ndiye mdogo wao.

Kazi huanza kwa kisu, lakini kitambaa cha zamani hakitupwi mara moja. Hutandazwa sakafuni kwa sababu kina habari: mishono ilipita wapi, matundu yalikaa wapi, kiraka kipi kiliongezwa na nani akakificha. Chini yake hutokea vumbi, waya uliosahauliwa, pengine kiota cha panya. Panya huyo si wa kuchekwa, maana mkojo wake hula chuma na kuozesha mbao. Mara nyingine uozo hukutwa kwenye kona ya chini ya bawa, mahali maji yaliposimama kwa miaka. Chanzo chake chaweza kuwa kitundu cha kutolea maji kilichozibwa na mpakaji rangi aliyetaka kazi yake ipendeze.

Mbao hukaguliwa kwa sikio kabla ya jicho. Fundi huigonga plaiwudi ya sehemu ya mbele ya bawa kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Ikiwa imeshikamana, hutoa sauti kavu na fupi. Pale gundi ilipoachia, sauti huwa nzito na ya uvivu, naye hutia alama ya penseli. Halafu huingiza tochi na kioo kidogo ndani ya bawa, atazame viungo visivyofikiwa na kichwa cha mtu. Anachotafuta hasa ni hali ya gundi. Glaida za kale ziliunganishwa kwa gundi ya kaseini, iliyotokana na maziwa. Unyevu ukidumu, ukungu huila na nguvu zake hupotea. Gundi za urea zilizofuata hazikuogopa ukungu, ila nazo huzeeka na kuwa kavu na tete, hasa pale zilipotumika kujaza pengo kati ya mbao mbili zisizokutana sawasawa. Uzembe uliofunikwa na gundi miaka hamsini iliyopita hujitokeza kama ufa leo.

Ubavu uliovunjika hauunganishwi kwa kukutanisha ncha mbili. Gundi haishiki vizuri kwenye kichwa cha mbao. Hushika pale nyuzi za mbao zinapolala ubavuni mwa nyuzi nyingine. Kwa hiyo vipande viwili huchongwa mshazari mrefu, kila milimita moja ya unene ikapewa milimita 10 au zaidi za mteremko, kisha hulazwa kimoja juu ya kingine na kubanwa. Kuchonga mshazari wa plaiwudi yenye unene wa milimita moja na nusu kunahitaji randa kali na mkono usio na papara. Kwa gundi ileile, fundi huunganisha vijiti viwili vya mabaki na kuviweka kando. Gundi ikishakauka huvivunja. Mbao zikipasuka na kiungo kikabaki, ameshinda. Kiungo kikiachia, kazi yote iliyotumia gundi ile ina mashaka, na hakuna wa kumsihi.

Kwenye kiwiliwili, adui ni kutu. Hupenda mabomba ya chini karibu na mkia, ambako maji na tope hutulia. Kutu ya nje hukwanguliwa na bomba hupakwa rangi ya kinga. Ya ndani ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani, na bomba linalotiliwa shaka hukatwa na jipya kuchomelewa mahali pake. Kebo za usukani hupitishwa vidoleni kwa kitambaa laini, ili uzi mmoja wa chuma uliokatika unase na kujitaja. Bolti, pini na bawaba hutolewa, hupimwa na kurudishwa.

Halafu kazi husimama. Kabla kipande chochote hakijafunikwa, mkaguzi huitwa aje aone mifupa ikiwa uchi. Kwangu hii ndiyo saa kuu ya kazi nzima, ingawa hakuna anayealikwa kuitazama. Mkaguzi hugonga tena palipogongwa, huuliza kuhusu kiungo kile cha tatu kutoka shinani mwa bawa, hutaka kuviona vile vijiti vilivyovunjwa. Akiridhika hutia saini. Kinachofunikwa baada ya saini hiyo huenda kisionekane tena kwa miaka ishirini, na katika muda huo wanafunzi ambao leo bado ni watoto wadogo watakuwa wameketi mbele yake.

Sasa ndipo nguo inapokuja. Zamani ilikuwa pamba au kitani, nayo ilikazwa kwa dopu, majimaji yenye harufu kali ambayo yakikauka hukivuta kitambaa. Siku hizi wengi hutumia poliesta, ambayo hukazwa kwa pasi. Kitambaa hugandishwa kikiwa kimelegea kidogo, halafu hupigwa pasi kwa awamu, kuanzia nyuzi joto 120 hivi hadi zisizozidi 175. Kuzidisha hapo ni kukiharibu: hulegea, na hakuna joto litakalokirudisha. Kwa hiyo pasi hupimwa kwanza kwa kipimajoto, maana kirungu chake cha kupandishia joto hakiaminiki. Fundi hupiga upande mmoja, hugeuza bawa, hupiga wa pili, kwa sababu kitambaa kikivuta upande mmoja tu chaweza kuukunja ukingo mwembamba wa nyuma. Mikunjo hupotea mbele ya macho. Mgeni angeamini kazi imekwisha.

Haijaisha, maana hewa hailikandamizi bawa kutoka juu. Bawa linapobeba, upande wa juu hunyonywa, na kitambaa hutaka kung'oka mbavuni. Katika glaida nyingi gundi inatosha kukishika. Lakini pale ubavu ulipobonyea upande wa chini, au mwongozo wa matengenezo unapoagiza, nguo hushonwa. Bawa husimamishwa kwa ukingo wake, na watu wawili hukaa pande mbili wasionane. Mmoja hupenyeza sindano ndefu yenye uzi uliopakwa nta; mwenzake huipokea, huizungusha ubavu na kuirudisha. Kati yao husikika sauti tu: "Njoo juu kidogo. Hapo hapo. Vuta." Kila mshono hufungwa fundo lake, ili mmoja ukikatika wa jirani usifunguke. Mafundi wa mtepe, jahazi la pwani yetu lililoshonwa kwa kamba za nazi, wangeielewa kazi hii bila mkalimani: chombo kizima kimekabidhiwa kwa uzi, na uzi umekabidhiwa kwa uaminifu wa mtu aliye upande wa pili.

Juu ya mishono hulazwa utepe, kisha hufuata matabaka. Muhimu kuliko yote ni lile lenye unga wa alumini, linalozuia miale ya urujuanimno isiifikie poliesta. Namna ya kulijaribu ni rahisi: taa huwashwa upande mmoja wa bawa, na mtu hutazama upande wa pili gizani. Mwanga ukipenya, tabaka halijatosha. Lakini kila tabaka lina uzito, na mkono mkarimu hapa ni hatari. Gramu zilizozidi mkiani, mbali na kitovu cha uzito, hudai risasi nyingi zaidi puani ili ndege isawazike. Rangi nzito kwenye usukani, nyuma ya bawaba, yaweza kuufanya utetemeke kwa kasi hadi uvunjike angani. Ndiyo maana kila kipande hupimwa mizani baada ya kupakwa rangi, na glaida nzima hupimwa tena kabla ya kuruka.

Mwenye hesabu atauliza kwa nini watu wajisumbue. Kaiser mwenyewe alibuni baadaye ASK 21 ya nyuzi za kioo. Kutoka mita 1,000, katika hewa tulivu, ASK 21 inaweza kuteleza kilomita 34 hivi. ASK 13 ni kama 27. Tena ASK 21 haina nguo ya kubadilisha wala mishono. Na mamia ya saa za karakanani za kuivisha ASK 13, zikilipwa mshahara wa fundi, zingeizidi bei ya glaida yenyewe. Hoja hii ni ya kweli, na vilabu vingi vimeikubali.

Hata hivyo, inakosa jambo moja. Kitambaa hufa kabla ya mbao na kabla ya chuma, na kwa kufa mapema hulazimisha chombo kifunguliwe. Kila baada ya miaka kadhaa watu wanalazimika kuona kila kiungo, kila bomba, kila kosa la waliowatangulia, na kuacha kazi yao wenyewe ikiwangoja watakaofuata. Udhaifu wa nguo ndio fadhila yake. Ngozi isiyozeeka humruhusu mtu aamini kwamba ndani ni salama. Nguo haimpi raha hiyo.

Faida nyingine imo ndani ya watu. Rubani aliyewahi kukaa upande wa pili wa bawa akipokea sindano hawezi tena kudanganywa na mng'ao. Mpeleke kwenye glaida yoyote iliyopakwa rangi vizuri, naye atapiga magoti kwanza kutafuta kitundu cha maji, atagonga plaiwudi, atanusa ndani. Rangi ataitazama baadaye, akipata nafasi.