Pongezi kwa Madereva Teksi wa KIA

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971, haukujengwa Moshi wala Arusha, bali kati ya miji hiyo, kwenye tambarare za Hai. Kutoka hapo hadi hoteli za Moshi ni takriban kilomita 40, na hata barabara kuu yenye mabasi iko mbali na jengo la abiria. Kwa mgeni anayeshuka usiku na mizigo ya kupandia mlima, anayeziba pengo hilo ni dereva teksi aliyeagizwa mapema.

Wapo wanaolalamika kuwa nauli yake ni kubwa mno kuliko ya basi. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa abiria anayejilipia mwenyewe. Lakini nauli hiyo hailipii kilomita tu. Inalipia pia saa za kusubiri ndege iliyochelewa, mafuta ya kurudi bila abiria na usingizi uliokatizwa. Bei ikikubaliwa kabla ya safari, hakuna anayedhulumiwa. Tunawasifu waongoza watalii na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, na wanastahili. Dereva naye ndiye anayewapokea wageni wao kwanza. Hongereni, madereva. Nasi abiria tuwalipe tulichokubaliana, bila kubishana mlangoni pa hoteli.