Kundi la Ndani si Kikundi: Uhakiki wa Tafsiri Mbili

Katika kozi ya tafsiri, mwanafunzi mmoja anayesoma Kiswahili pamoja na Hisabati alichagua kutafsiri kurasa za mwanzo za kitabu Subgroup Growth cha Alexander Lubotzky na Dan Segal, kilichochapishwa mwaka 2003. Jina la kitabu alilitafsiri "Ongezeko la Makundi ya Ndani". Mwandishi wa makala haya alilifuta kwa wino mwekundu, akaandika "Ukuaji wa Vikundi", na kukata alama 2. Makala haya yanahakiki tafsiri zote mbili, hasa ile ya mwalimu.

Kwanza, "Ukuaji wa Vikundi" ni jina linalofaa ripoti ya mwaka ya akina mama wa kuweka na kukopa. Lakini kasoro kubwa imo katika kiambishi ki-. Itadaiwa kwamba ki- haibebi udogo kila mahali, na kwamba kitabu kinaweza kuwa kikubwa kuliko meza. Ni kweli. Hata hivyo, kikundi kinapowekwa kando ya kundi, msomaji hana njia ila kuelewa udogo, kama msemaji wa Luganda anavyouelewa akisikia aka-.

Je, kinachotajwa ni kidogo? Mwanafunzi alirudi ofisini na daftari. Tuchukue, alisema, namba kamili zote na kitendo cha kujumlisha. Namba shufwa ni kundi ndani ya kundi hilo, kwani shufwa na shufwa huzaa shufwa. Kundi zima linagawanyika mafungu 2: shufwa na witiri. Lakini shufwa hazina mwisho, na kila namba kamili inaweza kupewa shufwa yake: 1 ipewe 2, 2 ipewe 4, na kuendelea. Hakuna inayokosa mwenzake.

Mfano wake wa pili unatuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Tuwe na herufi 2, a na b, kila moja ikiwa na kinyume chake, nazo hufutana zikikaa jirani. Maneno yote yanayoundwa hivyo, kwa kuunganishwa, ni kundi huru. Kundi lolote la ndani linaloligawa mafungu 2 haliwezi kuzalishwa kwa maneno 2, linahitaji 3. Likiligawa mafungu 10, linahitaji maneno 11. Mtoto anamzidi mama! Kumwita kikundi ni kumpotosha msomaji.

Kitabu chenyewe kinauliza: kundi lina makundi mangapi ya ndani yanayoligawa mafungu 2, au 3, au 4? Kwa namba kamili jibu ni 1 kila mara. Kwa jozi za namba kamili, majibu ni 3, 4 na 7. Kwa kundi huru la herufi 2 ni 3, 13 na 71. Yanaanza sawa, kisha yanaachana vibaya, kwa sababu katika jozi mpangilio haujalishi, ilhali katika kundi huru ab si ba. Kanuni ya kuhesabu kwa makundi huru ilitolewa na Marshall Hall mwaka 1949. Mwaka 1993 Lubotzky, Avinoam Mann na Segal walionyesha kwamba, kwa jamii pana ya makundi, hesabu hii ikipanda polepole basi kundi, likiachwa kasoro yenye kikomo, hufumuka hatua kwa hatua hadi vipande ambamo mpangilio haujalishi. Yaani idadi peke yake inafichua muundo. Aidha, ni idadi inayopanda. Kundi halikui hata kidogo. Kwa hiyo "ongezeko" lilikuwa neno sahihi, na "ukuaji" wetu haukuwa na mahali pa kusimama.

Tafsiri ya mwanafunzi nayo si safi. Idadi ya mafungu, ambayo Kiingereza huiita kwa neno lilelile la orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu, yeye ameiita "faharasa". Kundi la ndani lenye faharasa 2! Msomaji atatafuta kurasa za nyuma. Tumempendekezea "idadi ya mafungu". Anashikilia kwamba ni maneno mengi mno kwa dhana inayotajwa katika kila sentensi, na hapo ana hoja. Alama zake 2 zimerudishwa. 1 imekatwa kwa faharasa, naye amekata rufaa.